Barua ya wazi: Kijiji kiliulizwa lini mara ya mwisho?

Mwambao wa Ghuba ya Mwanza,
7 Julai 2025.

Kwa Mkuu wa Wilaya,
na Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu.

YAH: KUTOITISHWA KWA MKUTANO MKUU WA KIJIJI, KUTOSOMWA KWA MAPATO YA MWALO, NA UFUKWE KUZUNGUSHIWA MABATI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sikutaka tufike huku. Barua ya kwanza niliandika Septemba 2023, nikampa mtendaji wa kijiji mkononi. Ya pili Februari 2024, nikaipeleka kata. Ya tatu Januari mwaka huu, nikapanda gari hadi makao makuu ya Halmashauri, nikakaa kwenye benchi la nje ya masjala kuanzia saa mbili hadi saa saba mchana. Zote tatu ninazo nakala zake, na zote zimegongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Binti wa masjala, mpole kweli kweli, aliniambia, "Mzee, faili lako liko mezani kwa bosi." Tangu hapo ni miezi sita sasa. Ama meza ni kubwa sana, ama faili ni dogo sana.

Leo ni Sabasaba. Vijana wanaijua kwa maonesho ya biashara na bei za friji, na siwalaumu. Sisi tuliofundisha Historia na Uraia tunajua kwamba tarehe hii mwaka 1954 ndipo TANU ilipozaliwa. Jambo ambalo hata watoto wa huku hawalijui, kwa sababu kitabuni limepitwa haraka kama kituo kisicho na abiria, ni kwamba TANU hiyo hiyo katika Jimbo la Ziwa ilipigwa marufuku mwaka ule ule, na marufuku haikuondolewa mpaka 1958. Dar es Salaam watu walikuwa wanahutubiwa viwanjani. Huku, kukutana kwenyewe kulikuwa kosa.

Naomba mniruhusu nianzie huko kabla sijafika kwenye mabati. Najua mna kazi nyingi, ila malalamiko yangu hayataeleweka bila hilo.

Wakoloni walipofunga mlango wa chama, watu wa ziwa walipitia mlango wa pamba. Mkulima alikuwa analima msimu mzima, anafika kwa mnunuzi, na mzani ni wa mnunuzi. Akisema uzito umepunguzwa, anaambiwa arudi na pamba yake nyumbani. Wakulima wakajipanga, wakaweka watu wao wa kupima upya, na kutokana na kuhakiki mzani tu vikazaliwa vyama vya ushirika, Paul Bomani akiwa mbele. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa VFCU, shirikisho la vyama vya ushirika vya ukanda wa Ziwa Victoria, makao yake hapa Mwanza, na baadaye vikawa na vinu vyao wenyewe vya kuchambulia pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yetu ya demokrasia, na mwalimu wake hakutoka London. Mwenyekiti wa chama cha msingi alisimama mbele ya watu waliotoka shambani na udongo miguuni, akaulizwa fedha zimekwenda wapi, akajibu.

Halafu kuna Geita, 1958. Serikali ya kikoloni ilileta baraza la wilaya la mseto wa rangi, na viti vya Wazungu na Waasia vimekwisha kupangwa. Juu ya hilo kulikuwa na mlima wa amri: matuta ya lazima, kupunguza mifugo kwa lazima, ushuru huu na ule. (Matuta yenyewe, mnielewe, hayakuwa ujinga. Nimelima, najua maji yanavyochukua udongo. Neno lililouma ni "lazima".) Mamia ya watu wakaondoka Geita wakavuka ghuba kuja Mwanza kumwona mkuu wa jimbo. Wakapiga kambi siku kadhaa, mpaka walipotawanywa kwa virungu na mabomu ya machozi.

Baba yangu alikuwa mmoja wao, kijana wa miaka 22. Hadi anafariki mwaka 2009 alikuwa akipikiwa kitu chenye moshi jikoni anafumba macho na kusema, "Mwanza hiyo." Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kama walikuwa hawawataki Wahindi. Akacheka. Alisema mwenye duka la pale kwao alikuwa Mhindi na walikuwa wakikopeshana chumvi. "Tatizo hatukuulizwa," alisema. "Mtu anakujengea nyumba, anakuchagulia mke, halafu anakuita uje ushukuru."

Leo ghuba ile tunaivuka kwa dakika chache. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwezi uliopita, kilomita 3 za zege juu ya maji, na mimi nimelipita nikiwa na furaha ya mtoto. Sina ubishi na daraja. Ila nikiwa katikati yake nilijiuliza kama sisi tunaolipita kwa gari tunaulizwa kuliko wale waliovuka wakaishia kupigwa mabomu.

Basi sasa nafika kwenye yanayonihusu.

1. Mkutano mkuu wa kijiji haukutani.

Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya 1982, inautaja mkutano mkuu wa kijiji kuwa ndio chombo cha juu kabisa kijijini. Halmashauri ya kijiji, mwenyekiti, mtendaji, wote wako chini yake. Unatakiwa ukutane angalau kila miezi mitatu. Kwetu mara ya mwisho tulikutana Machi 2023, chini ya mwembe wa shule, mvua ikatukimbiza tukiwa ajenda ya pili. Hatujaitwa kuimalizia. Novemba 2024 tulipiga kura tukapata mwenyekiti mpya, tukadhani atatuita hata kwa kujitambulisha. Anatusalimia vizuri barabarani.

2. Mapato ya mwalo hayajulikani.

Hapa naomba mkae na mimi kidogo. Njooni mwaloni saa kumi na mbili asubuhi, giza la mwezi linapokuwa nene na wavuvi wako kazini. Mitumbwi inaingia, taa za sola bado zinawaka juu ya maboya. Dagaa wanashushwa kwa ndoo, akina mama wamejifunga kanga kiunoni wanagombania zilizojaa, na kijana wa mashine ya ushuru amekaa kwenye kreti la soda anachapa risiti moja baada ya nyingine. Asubuhi moja mwezi wa tano nilikaa na daftari nikahesabu mitumbwi 41. Kila ndoo ina risiti. Basi kumbukumbu ipo, tena ya mashine. Kinachokosekana ni mtu wa kutusomea jumla yake, na sehemu ya kijiji, na imefanya nini. Choo cha mwaloni kina mlango mmoja, nao umeegemezwa kwa jiwe.

Ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji una karatasi mbili. Moja ni ya kampeni ya chanjo iliyopita. Ya pili ni mapato na matumizi ya robo ya mwisho ya 2022. Jua limeila mpaka tarakimu zimebaki kama alama za miguu ya kuku.

3. Ufukwe umezungushiwa mabati.

Kipande ambacho akina mama walikuwa na vichanja vyao vya kuanikia dagaa kilizungushiwa mabati Aprili mwaka huu. Tunaambiwa kuna mwekezaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mkutano upi uliidhinisha, ikiwa haujakaa tangu 2023? Na ile Sheria ya Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, ambayo mwaka juzi ilitumika kuwaondoa wauza samaki wa kukaanga, imeishia wapi? Nimepima kwa hatua zangu. Mabati yako hatua 19 kutoka majini.

Akina mama sasa wanaanika chini, kwenye mchanga. Dagaa wa mchanga bei yake mnaijua.

4. Kila swali linajibiwa "maelekezo kutoka juu".

Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nilipomuuliza mtendaji kuhusu mabati, hakukasirika wala hakunifukuza. Alisema, "Mwalimu, hayo ni maelekezo kutoka juu." Nilipokwenda kata, nao wakasema juu. Nilipofika kwenu wilayani, ofisa mmoja akanyoosha kidole kwenye dari. Sasa juu ni wapi? Katiba ya 1977, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa kusoma huko, juu ni mimi, mama muuza dagaa, na kijana wa bodaboda, na hatukumbuki kutoa maelekezo hayo.

Ndugu viongozi, nataka niwe mkweli kwenu: tabia hii hamkuianzisha nyinyi. Ni urithi, na ndiyo maana naiogopa. Uhuru ulipokuja 1961 tulidhani tumemaliza. Mwaka uliofuata ikapita sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Mwaka 1965 tukawa na chama kimoja kisheria. Hata hivyo mwaka huo huo, ndani ya chama kimoja, wapiga kura waliwekewa wagombea wawili, kwa alama za jembe na nyumba, na hapa Mwanza wakamwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu wao wenyewe, muasisi wa ushirika wao. Rais alimhitaji akaendelea naye serikalini, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Nilikuwa nikiwafundisha hilo wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa hawaamini. Watu wale hawakuwa wameisahau shule ya mzani.

Ndipo shule ikafungwa. Ushirika ulikuwa na wezi wake, sikatai. Tume ya 1966 iliyakuta malalamiko ya wakulima yana ukweli. Lakini dawa iliyochaguliwa haikuwa kumshika mwizi. Ilikuwa kuwanyang'anya wenye nyumba funguo. Mwaka 1968 VFCU ikavunjwa ikawa Chama cha Ushirika cha Nyanza, na 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima. Mwaka 1972, kwa jina zuri la Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa na kazi zake wakapewa maofisa. Naam, Halmashauri hii mnayoiongoza iliwahi kufutwa kabisa, mpaka sheria ya 1982 ilipozirudisha. Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ikatukuta. Nilikuwa darasa la sita. Tulihamishwa na baba yule yule wa mabomu ya machozi, mitungi na kuku juu ya lori, tukashushwa hapa tunapoishi leo. Jioni ile, tukiwa tumekaa juu ya magodoro ya sufi tukingoja kuonyeshwa kiwanja, mama alimuuliza kwa nini hasemi kitu. Akasema, "Wa zamani nilijua pa kuwaendea. Hawa ni wetu."

Na hatukuwa peke yetu. Ziwa ni moja, bendera ni tatu. Ng'ambo kule Kisumu, Oktoba 1969, watu walipigwa risasi kwenye ufunguzi wa hospitali, Rais wa nchi yao akiwepo, na siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku, Oginga Odinga akawekwa kizuizini. Uganda ilifika 1966 katiba ikawekwa kando, na 1971 jeshi likachukua nchi. Vita vyake vilikuja kutufikia Kagera. Sisi tulisalimika na damu ya namna hiyo, na ninashukuru. Lakini kote huko ugonjwa ulianza na homa ile ile ndogo: mtu aliyepewa ofisi kwa jina la wananchi kuona kuulizwa na wananchi ni kero.

Sasa najua mtajibu nini. Nimesubiri kwenye mabenchi vya kutosha kuyasikia yote.

Mtasema watu hawaji mikutanoni, akidi haitimii. Ni kweli, mkutano wa Desemba 2022 ulikuja na watu 30 hivi. Uliitwa Jumanne saa tatu asubuhi, giza la mwezi, wakati wavuvi wamelala hoi baada ya kukesha majini na wake zao wako juani na dagaa. Mkitaka akidi kwenye kijiji cha wavuvi, angalieni mwezi. Ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika, watu wamekaa wanashona nyavu na kubishana mpira. Hata mgeni akikaa wiki mbili anajua.

Mtasema madiwani wamemaliza muda wao, tusubiri Oktoba uchaguzi mkuu upite. Serikali ya kijiji haijavunjwa. Ina miezi saba tu tangu ichaguliwe.

Mtasema huyu mzee ni wa upinzani. Kadi yangu ya chama niliipata mwaka 1980, na bado ninayo. Lakini hata ningekuwa wa upinzani, 1991 Tume ya Nyalali ilipokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, wengi sana walitaka chama kimoja, waliotaka vingi walikuwa kama asilimia 20, na bado tume ikashauri hao wachache wasikilizwe. Nchi ikaingia vyama vingi 1992. Hamwezi kuwa wagumu kuliko hapo.

Mtasema mwekezaji analeta maendeleo. Huenda. Sijui atafanya nini, na ndilo tatizo lenyewe. Ila mwongozo wa TANU wa 1971, ambao wakubwa wenu walitukaririsha, ulisema waziwazi kwamba kinachowapa watu uwezo zaidi wa kuamua mambo yao ni maendeleo hata kisipowaongezea shibe, na kinachowapunguzia uwezo huo si maendeleo hata kikiwaongezea. Nilikifundisha kifungu hicho kwa miaka mingi. Nisingependa kuambiwa sasa kwamba nilikuwa nawadanganya watoto.

Ninachoomba, kwa heshima, ni haya:

(a) Mkutano mkuu wa kijiji uitishwe Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, saa nane mchana. Ni siku moja baada ya Nanenane na mwezi utakuwa mpevu, kwa hiyo wavuvi watakuwepo. Tangazo lipite kwa kipaza sauti mwaloni siku saba kabla, siyo karatasi ofisini.

(b) Mapato na matumizi tangu Januari 2023 yasomwe kwa sauti, robo kwa robo, na nakala ibandikwe mwaloni. Asiyejua kusoma atasomewa na mwanawe.

(c) Uletwe muhtasari wa kikao kilichotoa ufukwe, wenye tarehe na majina ya waliohudhuria. Kama haupo, mabati yatolewe kwanza, mazungumzo yafuate. Akina mama wanataka msimu huu, siyo ujao.

(d) Mmoja wenu awepo. Asitume mwakilishi wa kusema amechukua maoni yetu atayafikisha. Tumefikishiwa vya kutosha.

(e) Barua hii ijibiwe kwa maandishi. Jina langu, kitongoji na namba ya simu viko kwenye zile tatu zenye muhuri wenu. Sijayaweka hapa kwa sababu nina wajukuu nyumbani.

Jambo dogo la mwisho. Mtendaji aliwahi kunieleza kwamba daftari la mahudhurio ya mkutano mkuu liliisha na Halmashauri haijaleta jingine. Nimenunua kaunta buku jipya la jalada gumu dukani kwa mpwa wangu, na kalamu mbili za bluu. Nimeshapiga mistari ukurasa wa kwanza: namba, jina, kitongoji, sahihi. Ambaye hajui kuandika nimemwachia nafasi ya dole gumba. Daftari liko kwangu, kwenye kabati la kioo, mtendaji atakapolihitaji atume mtoto.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa Historia na Uraia,
mkazi wa kijiji tangu operesheni ya 1974.

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji, Mtendaji wa Kijiji, Mtendaji wa Kata, uongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni), ubao wa matangazo, juu ya ile ya chanjo.